Mtoto Mchanga Anapopiga Mluzi Kifuani: Je, Dawa ya Kupuliza Itamsaidia?

Leo tunazungumza juu ya pumzi ya mtoto mchanga. Mtu mzima anaweza kukaa siku nzima bila kula. Anaweza kukesha usiku kucha bila kulala. Lakini bila pumzi hakuna anayefika mbali, na mtoto mchanga ndiye asiyefika mbali kabisa.

Katika vijiji vyetu kuna jambo linalotokea mara nyingi. Mtoto wa miezi minne anapata mafua. Siku ya tatu anaanza kukohoa, na kifua chake kinatoa sauti nyembamba kama filimbi. Mama anampeleka zahanati. Mganga anamfunua kifua, anamsikiliza, anahesabu pumzi zake: 46 kwa dakika. Anamtazama akinyonya. Halafu anasema: "Mama, mnyonyeshe mara kwa mara. Msafishe pua. Umrudishe kesho nimwone tena. Na usiku ukiona anashindwa kunyonya, usingoje asubuhi."

Mama anarudi nyumbani na uchungu moyoni. Jirani anamwuliza: "Ala! Yaani hukupewa dawa? Mbona yule kijana mwenye pumu alipewa dawa ya kupuliza, akapona palepale?" Basi baba anaanza kutafuta fedha. Kuku wanauzwa, au debe la mahindi linauzwa, ili dawa ya kupuliza ikanunuliwe mjini.

Sasa je, mganga yule alimnyima mtoto haki yake? Au alijua anachokifanya? Tusome taratibu, hatua kwa hatua.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Hewa tunayovuta inaingia puani, inapita kooni, inashuka kifuani. Kifuani inapita katika mirija. Mirija hiyo inagawanyika kama matawi ya mti: mikubwa, midogo, na midogo kabisa. Mwisho wake ni vifuko vidogo vya mapafu. Huko ndiko damu inakochukua hewa safi.

Kuna ugonjwa unaoshika ile mirija midogo kabisa. Unashika watoto wenye umri chini ya miaka 2, hasa wale ambao hawajafika mwaka mmoja. Waganga huuita bronkiolaitisi. Tusiogope jina hilo. Maana yake ni kuvimba kwa mirija midogo ya mapafu.

Ugonjwa huu unaletwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vinavyoongoza huitwa RSV. Wataalamu wa Marekani waliviona kwanza mwaka 1956 kwa sokwe waliokuwa na mafua. Baadaye kidogo wakavikuta kwa watoto wa binadamu. Karibu kila mtoto duniani hupata virusi hivi kabla hajafika miaka 2. Kwa wengi ni mafua tu. Kwa wengine vinashuka kifuani.

Vikishuka kifuani, mambo matatu hutokea. Kwanza, ngozi ya ndani ya mirija inavimba. Pili, makamasi yanakuwa mengi. Tatu, ngozi iliyokufa inabanduka na kuchanganyika na makamasi hayo. Mirija inajaa uchafu kama mtaro uliojaa tope. Hewa inapita kwa shida. Ndiyo maana tunasikia mluzi.

Kwa nini watoto wachanga ndio wanaoteseka zaidi? Chukua kikonyo cha jani la mpapai, na chukua bua la unyasi. Vyote viwili vina tundu ndani. Paka tope kidogo ndani ya kikonyo cha mpapai, halafu puliza. Hewa inapita. Paka tope kiasi kilekile ndani ya bua la unyasi. Umeziba! Mirija ya mtu mzima ni kama kikonyo cha mpapai. Mirija ya mtoto mchanga ni kama bua la unyasi.

DAWA YA KUPULIZA INAFANYA KAZI GANI?

Dawa ya kupuliza inayojulikana zaidi ni salbutamoli. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1969. Mgonjwa anaivuta kwa pampu ndogo, au kwa mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu. Dawa inashuka moja kwa moja mpaka kwenye mirija ya mapafu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jibu. Mirija ya mapafu imezungukwa na misuli myembamba. Mtu mwenye pumu akishikwa, misuli hiyo inakaza na kuibana mirija. Dawa ya salbutamoli inalegeza misuli. Misuli ikilegea, mirija inafunguka, na mgonjwa anapumua. Kwa mwenye pumu dawa hii ni mkombozi.

Lakini tufikirie mpira wa kumwagilia bustani. Maji hayatoki. Huenda kuna mtu ameukanyaga mpira. Mwambie aondoe mguu, na maji yatatoka. Lakini huenda hakuna aliyeukanyaga. Huenda umejaa tope ndani. Ukimwambia mtu aondoe mguu ambao hakuuweka, maji yatatoka? Hapana.

Pumu kwa sehemu kubwa ni mguu uliokanyaga mpira. Bronkiolaitisi kwa sehemu kubwa ni tope ndani ya mpira. Sauti ya mluzi inafanana, lakini chanzo ni tofauti. Dawa ya kulegeza misuli haiondoi uvimbe wala makamasi.

WATAALAMU WALIJUAJE?

Wakulima wenzetu wanajua jinsi bwana shamba anavyojaribu mbolea mpya. Anagawa shamba vipande viwili. Kimoja anakiwekea mbolea, kingine hakiwekei. Mbegu ni ileile, mvua ni ileile, palizi ni ileile. Wakati wa mavuno anapima vipande vyote viwili. Hapo anajua kama mbolea imefanya kazi.

Madaktari walifanya vivyo hivyo. Watoto wenye bronkiolaitisi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa ya kulegeza mirija. Kundi la pili lilipewa kitu kisicho na dawa, kama vile ukungu wa maji ya chumvi. Halafu wakapimwa wote.

Mwaka 2014 wataalamu walikusanya majaribio 30 ya namna hiyo. Yalifanyika katika nchi 12, na watoto walikuwa 1,992. Waliona nini? Dawa haikuongeza oksijeni katika damu ya watoto. Haikupunguza idadi ya watoto waliolazwa. Haikufupisha siku za kukaa hospitali, wala siku za kuugua nyumbani. Katika baadhi ya majaribio ilionekana nafuu ndogo ya muda mfupi, lakini haikubadili mwisho wa ugonjwa.

Tena dawa ilileta matatizo yake. Watoto wengine mioyo yao ilienda mbio. Wengine walitetemeka. Kwa wengine oksijeni ilishuka badala ya kupanda. Mtoto ambaye tayari anafanya kazi ngumu ya kupumua, tumwongezee mzigo wa nini?

Kwa sababu hiyo, mwaka huohuo wa 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo: watoto wenye bronkiolaitisi wasipewe salbutamoli. Mwaka 2015 Uingereza nayo ilitoa mwongozo wa namna hiyohiyo. Hizo ni nchi zenye dawa tele. Hawakuiacha kwa sababu ya umaskini. Waliiacha kwa sababu haisaidii.

Wengine watasema: "Lakini mtoto wangu alipewa, na akapona!" Ni kweli alipona. Lakini ugonjwa huu una mwendo wake. Siku ya 3 hadi ya 5 ndizo mbaya zaidi. Baada ya hapo watoto wengi hupata nafuu wenyewe, ingawa kikohozi kinaweza kuendelea wiki 2 au 3. Mzazi akinunua dawa siku ya 5, siku ya 6 mtoto atakuwa na nafuu, na dawa itapewa sifa. Jogoo huwika, na jua huchomoza. Lakini jogoo halichomozi jua.

JE, MGANGA AKIAMUA KUIJARIBU?

Hapa tusiende mbio. Hatusemi kwamba mganga akitoa dawa ya kupuliza amekosea. Kuna watoto wanaopiga mluzi kwa sababu nyingine, hasa wale waliovuka mwaka mmoja, au wale ambao wamewahi kushikwa na mluzi mara kadhaa, au ambao wazazi wao wana pumu. Katika zahanati si rahisi kuwatofautisha mara moja.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linaruhusu jaribio. Mtoto aliyevuka miezi 2, akiwa anapiga mluzi na anahema mbio, au kifua chake kinabonyea, anaweza kupewa dawa ya kuvuta mpaka mara tatu. Kati ya mara moja na nyingine zinapita dakika 15 hadi 20. Halafu mganga anahesabu pumzi upya na kutazama kifua. Akiona mtoto amefunguka, anajua dawa inamfaa. Akiona hakuna mabadiliko, anajua hili ni tope, si mguu.

Jaribio hilo hufanyika mbele ya mganga. Si kazi ya duka la dawa, wala ya jirani mwenye pampu ya kuazima. Na mganga akikuandikia dawa, ifuate kama alivyosema. Kama hukuelewa, muulize. Kuuliza si kukosa adabu.

Vilevile kuna dawa ya salbutamoli ya kunywa, ya maji na ya vidonge. Wazazi wengine huinunua wenyewe. Kwa ugonjwa huu haisaidii mtoto mchanga, na inaupeleka moyo wake mbio. Tuiache.

Na wenye pumu wasije wakasoma makala haya wakatupa pampu zao! Pumu ni ugonjwa mwingine. Mtoto mwenye pumu anaihitaji dawa yake. Akishindwa kuvuta kwa pampu peke yake, mganga anaweza kuonyesha jinsi ya kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyosafishwa. Pampu inachomekwa upande mmoja wa chupa, na mtoto anavuta upande wa pili.

SASA KINACHOSAIDIA NI NINI?

Tope la mirija huondoka polepole mwili unapopona. Kazi yetu ni kumlinda mtoto mpaka siku hiyo ifike.

Kwanza, maziwa ya mama. Mtoto anayehema hawezi kunyonya muda mrefu. Anyonye kidogo kidogo, lakini mara nyingi kuliko kawaida. Akichoka kabisa, huo ni wakati wa hospitali. Huko anaweza kulishwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani.

Pili, pua. Mtoto mdogo hupumua zaidi kwa pua. Pua ikiziba, atashindwa kunyonya. Sokota kitambaa laini kilicho safi, futa makamasi kabla ya kumnyonyesha. Zahanati inaweza kukupa matone ya maji ya chumvi ya kulainisha makamasi.

Tatu, oksijeni. Hii ndiyo tiba kubwa kwa mtoto aliyezidiwa. Hospitalini wana kifaa kidogo kinachobana kidole au mguu wa mtoto na kuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Kikishuka chini ya asilimia 90, mtoto anahitaji kupewa oksijeni. Kwa hiyo, baba, zile fedha za kuku zisiende kununua pampu. Ziweke ziwe nauli ya hospitali. Nauli iliyo tayari usiku wa manane inaweza kuokoa mtoto. Pampu haitafanya hivyo.

Nne, dawa za kuua bakteria, kama amoksilini, haziui virusi. Lakini mtoto akiwa na kichomi anazihitaji. Magonjwa haya mawili yanafanana, na homa inaweza pia kuwa ya malaria. Kwa hiyo anayeamua ni mganga baada ya kupima. Sisi wazazi tusiamue kwa kukisia, na tusimpe mtoto dawa zilizobaki kabatini.

DALILI ZA HATARI

Kila mzazi azijue. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi na halii, mfunue kifua. Tumia saa. Hesabu mara ngapi kifua kinapanda kwa dakika moja kamili. Mtoto anahema mbio kama anafika:

– pumzi 60 au zaidi, akiwa chini ya miezi 2;
– pumzi 50 au zaidi, akiwa na miezi 2 hadi 11;
– pumzi 40 au zaidi, akiwa na mwaka 1 hadi miaka 5.

Yule mtoto wetu wa miezi minne alikuwa na pumzi 46. Alikuwa chini ya 50, na alikuwa ananyonya vizuri. Ndiyo sababu mganga alimrudisha nyumbani, akasema amwone tena kesho. Hakumtupa. Alikuwa anamlinda.

Mtoto anayehema mbio, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe kwa mganga siku hiyohiyo.

Apelekwe mbio, hata kama ni usiku, akiwa na mojawapo ya haya:

– hawezi kunyonya wala kunywa;
– anatapika kila kitu;
– anapata degedege;
– amelegea, haamki vizuri;
– anaguna kila anapotoa pumzi;
– pumzi inakatika kwa muda, halafu inarudi;
– ulimi au ufizi umekuwa wa bluu.

Mtoto aliye chini ya miezi 2 akihema mbio, asingojee kabisa. Vilevile mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyekonda kwa utapiamlo. Hao huzidiwa haraka.

MAMBO YA KUACHA

Wengine hupeleka mtoto akakatwe kimeo. Ndugu zetu, kikohozi cha ugonjwa huu hakitoki kwenye kimeo. Kiko chini, ndani ya mapafu. Kukata kimeo kunaleta damu nyingi na vidonda vya kooni. Watoto wamekufa kwa sababu hiyo.

Wengine humfukiza mtoto kwa sufuria ya maji ya moto. Mvuke hauondoi ugonjwa, na maji yanaweza kumwunguza. Wengine humtia mafuta puani, au humnywesha mafuta ya taa. Hiyo ni sumu. Ikiingia mapafuni inaua. Na asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja.

KINGA

Virusi hivi huja kwa mikono na kwa kikohozi. Je, nani huvileta nyumbani? Watafiti huko Kilifi, Kenya, walifuata kaya za vijijini mwaka 2009 na 2010. Waliona kwamba mara nyingi wanaovileta ni ndugu wakubwa wa mtoto, hasa wanaokwenda shule. Kwao ni mafua tu, lakini kwa mdogo wao ni hatari. Basi mtoto akitoka shule anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake. Na mwenye mafua asimbusu mtoto mchanga.

Moshi nao ni adui. Sigara ivutwe mbali na mtoto. Mama anapopika kwa kuni, mtoto asikae mgongoni jikoni. Baba au bibi ampokee.

Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo.

Na kuna habari njema. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu chanjo ya RSV ya kumchanja mama mjamzito, ili amlinde mtoto atakayezaliwa. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote zitumie chanjo hiyo, au sindano ya kinga anayochomwa mtoto mwenyewe. Akina mama waulize kliniki ya wajawazito kama imefika kwao. Kila mwaka virusi hivi huua watoto karibu 100,000 wenye umri chini ya miaka 5 duniani, na wengi sana kati yao ni wa nchi zenye kipato kidogo kama zetu. Kwa hiyo swali hilo si la kuona haya.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, halafu wakainuka kuchimba vyoo. Tufanye vivyo hivyo na habari hii. Aliyesoma amsomee asiyeona vizuri. Mama amsomee mkwe. Na saa moja yenye mshale wa sekunde ijulikane iko nyumba gani katika kitongoji, ili ikihitajika usiku ipatikane.

MANENO YA KUKUMBUKA

Bronkiolaitisi – kuvimba kwa mirija midogo kabisa ya mapafu kwa watoto wachanga.
Salbutamoli – dawa ya kulegeza misuli inayobana mirija ya mapafu.
Oksijeni – sehemu ya hewa ambayo mwili unaihitaji ili uishi.
Kimeo – kinyama kidogo kinachoning'inia kooni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mluzi wa pumu na mluzi wa bronkiolaitisi vinatofautiana nini? Eleza kwa mfano wa mpira wa maji.
2. Mtoto wa miezi 5 ana pumzi 54 kwa dakika. Utafanya nini?
3. Kijijini kwetu, mtoto akizidiwa usiku, nani ana chombo cha usafiri? Nauli ni kiasi gani? Tunaweza kuichangia namna gani kabla ya siku ya shida?